Mto Usiowagawa Simba, Bahari Iliyomtenga Chui

Mwaka 1894 Wajerumani walisimamisha bendera yao Kionga, kijiji cha pwani kilicho kusini kidogo ya mdomo wa mto Ruvuma. Miaka minane kabla ya hapo walikuwa wamekubaliana na Wareno kwamba mto ndio mpaka. Sasa wakadai kuwa mamlaka ya Ureno yanakomea Rasi Delgado, na kipande kilicho kati ya rasi na mto, kama kilomita za mraba 400, wakakichukua. Wareno walikitwaa tena Aprili 1916, Vita Kuu ikiwa imepamba moto, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa zaidi ya miaka 20 mtu wa Kionga alikuwa chini ya Berlin, na nduguye wa Palma, mwendo mfupi tu kusini, alikuwa chini ya Lisbon.

Simba wa pande hizo hawakuwa na habari na mkataba wowote. Kiangazi kikikaza, Ruvuma hunywea ikabaki mikondo inayojipenyeza kati ya mafungu ya mchanga, na mnyama mwenye njaa huvuka karibu bila kulowa tumbo. Masika yakiujaza mto, simba na chui wote wanajua kuogelea. Kwa hiyo anayetaka kuelewa jinsi paka wa mwituni wanavyogawanyika, ukoo mmoja ukazaa koo mbili zisizofanana, namshauri aanzie hapa, mahali ambapo mgawanyiko umekataa kutokea. Kisha apande na pwani kuelekea kaskazini mpaka Unguja, ambako ulianza.

Umoja wa simba wa kingo mbili za Ruvuma ulijitokeza kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 2008, watu waliokuwa wakitafuta gesi na mafuta kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, walipokuwa wakifyeka njia ndefu msituni ili kupima miamba iliyo chini ya ardhi, simba walianza kuua watu. Mwandishi Mia Couto, ambaye ni mwanabiolojia pia, na ambaye kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa imepeleka huko vijana 15 wa kusimamia mazingira, ameeleza kwamba vifo vilipita kumi katika wiki chache na kufikia 20 ndani ya miezi minne hivi. Riwaya yake *A Confissão da Leoa*, iliyotoka mwaka 2012, ilizaliwa na misiba hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2002 na 2003, simba walikuwa wameua makumi ya watu wilayani Muidumbe, kwenye uwanda wa Wamakonde.

Ng'ambo ya mto hali ilikuwa ileile. Mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake wa Tanzania walichapisha mwaka 2005 hesabu iliyoshtua wengi: tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308, na mikoa ya kusini, Lindi ikiwemo, ilikuwa kati ya iliyoumia zaidi. Chanzo walichokiona kinaeleweka na kila mkulima wa pwani ya kusini. Wanyama wakubwa wa porini wamekwisha, nguruwe pori wamebaki, na nguruwe pori hufuata mashamba. Mazao yakikaribia kuiva, mkulima huhamia shambani, akalala kwenye dungu usiku kucha ili awafukuze. Simba naye humfuata nguruwe, na mwishoni mwa mkondo huo wa njaa anamkuta binadamu amelala kwenye makuti.

Simba wa Muidumbe na simba wa Lindi hawakuwa jamii ya pekee yenye damu ya ukatili. Walikuwa simba wa kawaida wa Afrika Mashariki na Kusini, waliosukumwa na makazi ya aina moja kuingia katika tabia ya aina moja. Jopo la wataalamu wa paka la shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lililopitia upya uainishaji wa jamii yote ya paka mwaka 2017, liliwagawa simba wote waliopo duniani katika nususpishi mbili tu: ile ya Afrika Magharibi, Kati na Kaskazini pamoja na simba wachache wa msitu wa Gir, India, na ile ya Afrika Mashariki na Kusini. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia pia mifupa na ngozi za simba waliokwisha kutoweka, uliweka utengano wa makundi hayo mawili kwenye miaka kama 70,000 iliyopita. Kilichowatenga si mto. Ni jangwa, misitu minene ya ikweta na mabonde makubwa, vyote vikipanuka na kusinyaa kwa kufuata mvua kwa maelfu ya miaka. Ruvuma, pamoja na urefu wake wa kilomita 800 hivi, ni mdogo mno kwa kazi hiyo.

Hapa lazima nitahadharishe jambo, kwa sababu macho hudanganya upesi. Simba wawili wanaweza kutofautiana sana kwa sura bila kuwa wa koo mbalimbali. Madume ya Tsavo, nchini Kenya, yakiwemo mawili yaliyoua wajenzi wa reli mwaka 1898 na ambayo ngozi zake ziko leo katika makumbusho ya Field mjini Chicago, hayakuwa na manyoya ya shingoni. Watu wakaanza kusema kuwa ni aina nyingine ya simba. Mtafiti Peyton West na Packer walionyesha mwaka 2002 kwamba manyoya meusi humvutia jike lakini humchemsha dume mwenyewe, na watafiti waliopima simba wa bustani za wanyama wakakuta kuwa kadiri hali ya hewa inavyokuwa baridi ndivyo manyoya yanavyorefuka. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo, basi, ni joto la mahali linaloandikwa mwilini mwa mnyama katika maisha yake mwenyewe. Makazi humfinyanga paka kwa mikono miwili: mmoja hufanya kazi haraka juu ya mwili wa mnyama mmoja, na mwingine hufanya kazi polepole juu ya ukoo mzima. Mkono wa pili unahitaji utengano, na unahitaji muda.

Ukitaka kuona kazi ya mkono huo wa pili pale Palma, usitazame simba. Tazama miti. Mwaka 2008 na 2009 wataalamu wa mimea wa Msumbiji, Ufaransa na bustani ya Kew ya Uingereza walipita katika misitu mikavu ya pwani ya Cabo Delgado. Misitu hiyo imekatikakatika, kipande hapa na kipande kule, na katikati yake kuna miombo. Mmea ambao mbegu yake haivuki miombo umefungwa katika kipande chake kana kwamba uko kisiwani, na wataalamu hao walirudi na mimea ambayo sayansi haikuwa imeipa jina bado. Chui anayepita juu ya mbegu hizo hizo hajui kuwa kuna mpaka. Anatoka kipande kimoja kwenda kingine usiku mmoja, akakuta jike, na damu ya pande mbili ikachanganyika. Nchi ileile ni visiwa vingi kwa mti na ni uwanja mmoja kwa paka.

Yuko paka mmoja tu ambaye kwake eneo hili linadhaniwa kuwa mpaka wa kweli, naye ni mdogo kuliko wote: paka pori, yule wa rangi ya majivu mwenye miguu mirefu, ndugu wa paka wetu wa nyumbani. Wataalamu humgawa kwa umbo katika nususpishi ya kaskazini na ile ya kusini mwa Afrika, na mahali zinapokutana wanapaweka kusini-mashariki, katika ukanda wa Tanzania na Msumbiji. Hata hivyo hakuna ukuta uliojengwa hapo. Ni sura ya kaskazini inayofifia taratibu ikapokewa na ya kusini.

Na visiwa vyenyewe je? Pwani ya Cabo Delgado ina mlolongo wa visiwa zaidi ya 30, visiwa vya Kerimba, kutoka karibu na mji wa Pemba hadi jirani na Ruvuma. Mtu angetarajia kukuta huko chui wa Ibo au chui wa Vamizi. Lakini maji ya bamvua yakipwa, watu hutembea kwa miguu kati ya visiwa vya Ibo na Kerimba, wakipita kwenye mikoko na matope. Maji yanayoruhusu mwanamke mwenye kapu kichwani kupita hayamtengi mnyama yeyote. Visiwa vilivyo mbali zaidi, kama Vamizi chenye urefu wa kilomita 12 hivi, ni vidogo mno kulisha chui wa kutosha kuzaliana vizazi kwa vizazi. Ili paka mkubwa agawanyike kwa maji, kisiwa kiwe kikubwa, kiwe na msitu, kiwe na mawindo, na bahari iwe imekaa muda mrefu bila kukauka. Katika pwani yote ya Waswahili, kisiwa kilichotimiza masharti hayo na kikawa na chui ni Unguja.

Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo. Mlangobahari unaotenganisha Unguja na Bagamoyo una kina cha makumi machache tu ya mita. Wakati huo ulikuwa nchi kavu, na Unguja ilikuwa ncha ya bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao hakuna mzee wa Unguja aliyewahi kusikia kuwa waliishi huko. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita maji yakajaza bonde. Waliokuwa upande wa mashariki wakabaki huko.

Kisiwa cha Pemba kilikuwa na hadithi nyingine. Mlangobahari wake una kina cha mita 800 hivi, na bahari kushuka mita 100 hakukuukausha. Pemba ilitengana na bara mamilioni ya miaka kabla, na chui hakuwepo. Kinachojulikana kwa upekee huko ni popo wa Pemba, yule mkubwa mwekundu, kwa sababu kwenye kisiwa cha namna hiyo mwenye mabawa ndiye anayefika.

Unguja, yenye kilomita za mraba zipatazo 1,650, haikuweza kuwashikilia wote iliowafungia. Pundamilia na nyati wakatoweka. Wakabaki wanyama wadogo: paa, paa nunga, kima punju, nguruwe pori. Simba na fisi hawakuwepo. Chui akajikuta ndiye mkubwa wa mwitu, lakini mkubwa mwenye sahani ndogo. Ukiwa na mawindo ya kilo kumi, mwili mkubwa ni gharama isiyolipwa. Mwenye mwili mdogo anashiba kwa kidogo na anazaa. Hilo ni shinikizo la makazi. Pamoja nalo kuna bahati ya uchache: katika kundi dogo lililofungiwa, sifa ambayo haina faida wala hasara, kama mpangilio wa madoa, inaweza kuenea kisiwani kote kwa sababu tu babu mmoja aliyekuwa nayo alizaa sana, na hakuna mgeni kutoka Bagamoyo wa kuja kuizimua. Hesabu kizazi cha chui kuwa miaka 7, na katika miaka 10,000 utapata vizazi zaidi ya 1,000.

Matokeo yake yalimfikia Reginald Innes Pocock, mtaalamu wa wanyama wa makumbusho ya London, aliyechapisha mwaka 1932 uchambuzi wake wa chui wa Afrika. Mbele yake alikuwa na ngozi kutoka Unguja, ya mnyama mdogo kuliko chui wa bara, ambaye vishada vya madoa vilikuwa vimevunjikavunjika vikawa vitone vingi vilivyosongamana. Akampa hadhi ya nususpishi, *Panthera pardus adersi*, kwa heshima ya Dk. Mansfield-Aders, mwanabiolojia wa serikali ya Zanzibar, ambaye jina lake tayari lilikuwa limepewa paa nunga. Ngozi zilizopatikana katika makumbusho za dunia hazizidi kiganja na kidole: sita. Mojawapo ni ya yule aliyejazwa pamba aliyesimama katika makumbusho ya Zanzibar, rangi ikiwa imepauka.

Watu wa Unguja walimjua chui huyu kwa njia yao. Martin Walsh na Helle Goldman, wanaanthropolojia walioanza kukusanya habari zake katika miaka ya 1990, walielezwa vijijini kote kwamba kuna chui wa mwitu na kuna chui wanaofugwa na wachawi, wakalishwa, wakatumwa kuua mifugo na kuwatisha watu. Idadi ya watu ilipokua na mashamba kusogelea misitu ya mawe ya mashariki, chui alizidi kuonekana, na kila alipoonekana alitafutiwa mwenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni ya kisiwa kizima ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui wao. Kampeni ile ilipokwisha, wawindaji waliendelea. Takwimu za serikali zilikuwa bado zikiorodhesha chui waliouawa hadi katikati ya miaka ya 1990. Mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ulipoandaa mpango wa kumlinda, ulilazimika kuuacha mwaka 1997, maana watafiti hawakumpata wa kumlinda.

Sasa rudi Muidumbe. Uwandani kwa Wamakonde nako watu hutofautisha simba wa porini na simba wa watu, yaani waliotengenezwa au kugeuzwa kwa uchawi. Katika mauaji ya 2002 na 2003 baadhi ya waliotuhumiwa kuwamiliki simba hao waliuawa na majirani zao. Hofu ni ileile ya Unguja, na kwa aliyempoteza mtoto wake shambani si ya kudharauliwa hata kidogo. Simba nao waliuawa. Lakini kaskazini mwa Msumbiji simba wapo hadi leo, na Unguja chui anaaminika kuwa ametoweka. Siamini kwamba watu wa huku walikuwa wapole kuliko wa kule. Tofauti ni mlangobahari. Dume akiuawa kando ya Ruvuma, eneo lake halikai wazi muda mrefu. Kijana aliyefukuzwa na baba zake katika Hifadhi ya Niassa, ambayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 42,000 hivi na simba wanaokadiriwa kufikia 1,000, hutembea wiki nzima akafika akalirithi. Chui akiuawa Unguja, hakuna aliyekuwa njiani. Maji yaliyompa sura yake ndiyo yaliyomnyima majirani.

Jopo lile la 2017 lilifuta jina la *adersi*. Chui wote wa Afrika, walisema, ni nususpishi moja. Kisayansi naona hoja yao ni nzito: chui wa Afrika wametangamana mno, na miaka 10,000 ni muda mfupi kwa ukoo kuachana kabisa na ukoo. Ninachopinga ni wepesi wa baadhi ya watu kuhitimisha kwamba, basi, kilichopotea Unguja hakikuwa na uzito. Spishi haishuki siku moja ikiwa imekamilika. Inapitia hatua ya kuwa nusu, hatua ambayo mwili umebadilika na madoa yamebadilika ilhali sehemu kubwa ya vinasaba bado ni ya zamani, na kwenye hatua hiyo ndipo chui wa Unguja alipouawa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kisiwa kile kwa vizazi zaidi ya 1,000 ilikatizwa ndani ya maisha ya mtu mmoja, na haiwezi kurudiwa kwa kumpandisha chui wa Ruaha kwenye boti.

Huku Cabo Delgado hatari imegeuka upande. Paka ambao mto haukuwatenga wanaanza kutengwa nchi kavu. Hifadhi ya Taifa ya Kerimba, iliyotangazwa mwaka 2002 ikachukua visiwa pamoja na sehemu kubwa ya bara, kilomita za mraba zipatazo 7,500, imezungukwa na mashamba na barabara. Tangu Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa, vita vimewang'oa mamia ya maelfu ya watu majumbani mwao na kuwasukuma kwenye ardhi mpya za kulima, na ardhi mpya mara nyingi ni njia ya wanyama. Simba kumi na wawili waliozingirwa na mihogo hawageuki kuwa nususpishi. Wanaoana ndugu kwa ndugu, watoto wanazaliwa dhaifu, na kundi linaisha kabla makazi hayajapata nafasi ya kulifinyanga. Utengano unaozaa aina mpya unataka kundi kubwa na maelfu ya miaka. Huu wetu unatoa kundi dogo na miaka 20.

Njia kubwa iliyobaki wazi iko magharibi zaidi, kati ya Niassa na Selous ya zamani, ambayo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni ushoroba wa kilomita kama 160 unaopita Namtumbo na Tunduru. Hauko ndani ya uzio wa serikali. Uko juu ya ardhi ya vijiji ambavyo wananchi wake wamekubali kuacha sehemu bila kulima, wakaunda jumuiya za hifadhi kama Mbarang'andu, Nalika, Kimbanda, Kisungule na Chingoli. Kila mara mkutano mkuu wa kijiji kimojawapo unapokaa kugawa mashamba, ndipo inapoamuliwa kama dume la Niassa litaendelea kuvuka Ruvuma na kupata jike upande wa pili.